Mashine iliyosema "sijui"

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwa vijana wa klabu ya kompyuta pale Morogoro. Wengi mlishindwa kufika sababu ya mvua mkaomba niiweke, basi hii hapa nzima kama nilivyoisema. Slaidi nimeziacha, zilikuwa picha za wazee wenye ndevu tu.

Shikamooni wakubwa wangu wa meza ya mbele. Waalimu, asanteni kwa kutufungulia ukumbi siku ya mapumziko. Na nyie vijana mambo vipi? Naona wa nyuma huko mmeshaanza kugombania soketi, sawa, chajini, lakini masikio niachieni mimi.

Nianze na swali. Kuna mtu humu ndani kashawahi kwenda dirisha la ofisi yoyote akaambiwa "haupo kwenye mfumo"? Nyosheni mikono juu. Haya, ukumbi mzima, mpaka mwalimu mkuu. Mimi mwaka juzi nilimsindikiza mama kufuatilia karatasi zake, ofisi siitaji, kijana wa dirishani akabonyeza bonyeza pale akasema huyu mama hajasajiliwa. Nikamuuliza, mdogo wangu, hajasajiliwa au wewe ndio humuoni? Akanijibu, si ndio hayo hayo kaka? Mama hakusema kitu, kafungua mkoba, katoa risiti ya usajili imekunjwa mara nne, kaiweka pale dirishani, kainyoosha kwa kiganja.

Sasa jamani, ni hayo hayo kweli? "Simuoni" na "hayupo" ni kitu kimoja? Maana hapo ndipo ilipo hotuba yangu yote ya leo. Kuna watu walikaa na hilo swali miaka mingi, sio kwenye dirisha la ofisi, kwenye maabara za kompyuta, Marseille, Edinburgh, London, Tokyo, miaka ya 70 na 80, na walikuwa wanatengeneza lugha ya programu inaitwa Prolog. Wangapi wameisikia Prolog? Watatu. Na wote watatu mmeisikia kwenye mtihani, naona kwa sura zenu.

Twendeni Marseille kwanza.

Mwaka 1971 pale Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, alikuwepo jamaa anaitwa Alain Colmerauer, ana miaka 30, karudi kutoka Montréal Kanada ambako walikuwa wanafundisha kompyuta kutafsiri Kiingereza kwenda Kifaransa. Kifaa alichokitengeneza huko ndicho wenzake walikitumia baadaye kwenye mfumo wa kutafsiri taarifa za hali ya hewa za Kanada, ule ulioanza kazi 1977, na ulifanya kazi kweli kweli, mvua inatabiriwa kwa Kiingereza inatoka kwa Kifaransa. Sasa huyu Colmerauer, nisikilizeni vizuri hapa, hakuwa anatafuta lugha ya programu. Hata kidogo. Alikuwa anatafuta namna ya kuongea na kompyuta kwa Kifaransa cha kawaida, unaipa habari kwa Kifaransa, unaiuliza kwa Kifaransa, yenyewe inafikiri inakujibu. Kuisoma sentensi aliweza. Lakini kufikiri? Sentensi ukishaielewa unaunganishaje na nyingine upate jibu? Hapo akakwama.

Upande wa pili, Edinburgh kule Scotland, kuna Mmarekani anaitwa Robert Kowalski, rika lake kabisa, wote wamezaliwa 1941. Yeye ni fundi wa kuthibitisha mambo kwa mantiki, akitumia kanuni aliyoitoa John Alan Robinson mwaka 1965. Robinson mwenyewe udaktari wake ulikuwa wa falsafa, sio wa kompyuta, na alichofanya ni kusema hivi, vitabu vya mantiki vimejaa kanuni nyingi nzuri kwa binadamu, lakini mashine haihitaji nyingi, ipe moja tu yenye nguvu iirudie mara milioni. Unachukua unachotaka kukithibitisha, unakikanusha, halafu unaangalia kama hayo unayoyajua tayari yatagongana na huo ukanushi. Yakigongana, basi kilikuwa kweli. Nyie si mmeshaona bibi anavyombana mjukuu aliyekula nyama? "Haya tuseme hukula, sasa mdomo unang'aa kwa nini?" Ndio hiyo hiyo.

Kiangazi cha 1971 Colmerauer akamwalika Kowalski Marseille siku chache. Mmoja ana lugha hana akili ya kuunganisha, mwingine ana akili ya kuunganisha hana cha kuifanyia kazi. Na kilichozaliwa kwenye mazungumzo yale ukikisema kwa mdomo unaona mbona kidogo hivi? Sentensi kama "hili ni kweli kama lile ni kweli na lile lingine ni kweli" unaweza kuisoma namna mbili. Ya kwanza ni maelezo, hali ya dunia ndivyo ilivyo. Ya pili ni maagizo, yaani ukitaka kupata hili, katafute lile, ukishalipata katafute na lile lingine. Maneno ni yale yale, hujabadilisha hata herufi. Kwahiyo kumwelezea mtu ukweli na kuiandikia mashine programu kumbe kunaweza kuwa kitendo kimoja! Mnalipata hilo? Hebu nirudie. Unaandika yaliyo kweli, basi, umemaliza kuandika programu.

1972 wakaiandika. Philippe Roussel ndiye aliyekaa chini akaijenga ya kwanza, kompyuta yenyewe hata haikuwepo Marseille, ilikuwa Grenoble, wao wanapiga taipu kwenye teletaipu inaenda huko inarudi. Na jina Prolog, kifupi cha "programu kwa mantiki" kwa Kifaransa chao, lilipendekezwa na mke wa Roussel. Wanaume wamekesha mwaka mzima, mama kaja kataja jina la herufi sita limebaki mpaka leo.

Sasa nataka niwaonyeshe mazungumzo waliyofanya na ile mashine mwaka ule, ni mafupi sana. Waliiambia hivi, kwa Kifaransa: kila daktari wa magonjwa ya akili ni mtu. Kila mtu ambaye daktari huyo anamchambua ni mgonjwa. Jacques ni daktari wa magonjwa ya akili huko Marseille. Basi. Wakaiuliza maswali matatu. Jacques ni mtu? Ikajibu ndiyo. Jacques yuko wapi? Marseille. Jacques ni mgonjwa?

Nyie mngejibu nini? Nani anasema ndiyo? Nani anasema hapana? Mashine ilijibu: sijui.

Sijui! Hakuna aliyeiambia kama Jacques anachambuliwa na mwenzake, na hakuna aliyeiambia kama hachambuliwi. Ikasema sijui. Kompyuta ya 1972 ilikuwa na adabu kuliko yule kijana wa dirishani. Hilo neno liwekeni mfukoni, tutalirudia.

Sasa nataka muione yenyewe inavyofanya kazi, maana historia bila kushika kitu ni hadithi za sungura. Vitabu vingi vya Prolog vinaanza na ukoo, nani mzazi wa nani. Na hapa nawaambia wazi sisi tuna bahati, maana Mzungu akiandika ukoo wake anaandika neno moja "uncle" kamaliza, sisi tuna mjomba na tuna baba mdogo na baba mkubwa na huwezi kuchanganya, ukimwita mjomba wako baba mdogo siku ya harusi utaona kikao kitakavyogeuka.

Unaiambia mashine: Asha ni mama wa Juma. Bakari na Asha ni ndugu. Bakari ni mwanaume. Hizo ni habari tu. Halafu unaandika sheria moja: X ni mjomba wa Y kama X ni mwanaume, na kuna M ambaye ni mama wa Y, na X na M ni ndugu. Mwisho unaweka nukta, nukta ukisahau umeumia. Umemaliza. Hujasema fanya hivi, hujasema zunguka mara kumi, hujaandika kodi ya kutafuta (kodi hii sio ile ya nyumba). Sasa uliza: mjomba wa Juma ni nani? Bakari. Geuza: Bakari ni mjomba wa nani? Juma. Uliza kubwa zaidi: nani ni mjomba wa nani? Inakutolea orodha nzima ya ukoo, mmoja mmoja. Sheria ile ile moja, maswali matatu tofauti! Kwenye lugha mnazotumia nyie hapo mngeandika fankisheni tatu na bado moja ingekuwa na kosa.

Na inatafutaje? Kama mgeni Kariakoo. Anaambiwa duka liko mtaa fulani, anaingia uchochoro wa kwanza, haupo, hajilaumu, anarudi mpaka njia panda ya mwisho aliyopita, anajaribu uchochoro wa pili, haupo, anarudi tena. Haachi mpaka njia ziishe.

Lakini nisiwadanganye. Nilipokuwa chuo niliandika ndugu ni watu wenye mzazi mmoja, X na Y ni ndugu kama kuna mzazi wa X ambaye pia ni mzazi wa Y. Si sawa? Mnaona kosa? Nikaandika baba mdogo ni ndugu wa kiume wa baba, nikiwaza nitarekebisha mambo ya umri baadaye. Nikauliza, baba zangu wadogo ni akina nani? Ikanitajia Hamisi, ikanitajia Saidi, ikanitajia na baba yangu mzazi. Baba yangu ni baba yangu mdogo! Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kosa ni nini? Sikuiambia kwamba mtu sio ndugu wa nafsi yake. Nani anasema hilo kwa mdomo? Hakuna, kwa sababu kila mtu analijua. Kumbe mashine ya mantiki inakuonyesha ni mangapi unayajua bila kujua kwamba unayajua.

Na mchezo wa pili uliniuma zaidi. Niliandika sheria ya mhenga, X ni mhenga wa Z kama X ni mhenga wa Y na Y ni mzazi wa Z, nikaiweka juu, halafu chini yake ile rahisi, mzazi ni mhenga. Kimantiki iko sahihi kabisa, mpelekee profesa yeyote wa falsafa atakuwekea tiki. Mashine ikaingia ndani ikazunguka, ili nimjue mhenga nimtafute mhenga, ili nimjue huyo nimtafute mhenga, mpaka kumbukumbu ikajaa ikakata. Nikageuza mpangilio, maneno ni yale yale, ikajibu kufumba na kufumbua. Kowalski aliiandika hiyo mwaka 1979 kwa mstari mmoja, algorithimu ni mantiki ukijumlisha udhibiti, yaani kuna yaliyo kweli na kuna utaratibu wa kuyatafuta, na hivi viwili ukivitenganisha kila kimoja unaweza kukitengeneza peke yake. Ndoto ilikuwa wewe uandike ukweli, mashine ijue utaratibu yenyewe. Mhenga wangu alithibitisha kwamba bado, utaratibu ulikuwa unanitegemea mimi.

Kabla sijaondoka hapa, kitu kimoja cha kwetu. Colmerauer alikuwa anahangaika na Kifaransa, mwanaume mwanamke, basi. Mimi nasema angezaliwa Tanga angefurahi zaidi. Kwenye Prolog unaandika sentensi ni nomino ya ngeli N ikifuatiwa na kitenzi cha ngeli N. Hiyo N ni sanduku tupu. Ikikutana na "kitabu" sanduku linajazwa KI, na papo hapo kitenzi kinabanwa, lazima "kimeanguka", "umeanguka" inakataliwa. Ikikutana na "miti" inajazwa MI, lazima "imeanguka". Sanduku moja limeshikilia sentensi nzima pande zote. Na ukiigeuza, ukaiambia nipe sentensi zote unazozijua, inaanza kuzitema, mtu ameanguka, watu wameanguka, kiti kimeanguka. Upatanisho wa kisarufi uliokutoa jasho darasa la tano, mistari michache. Jaribuni leo jioni.

Edinburgh napita haraka. Mwaka 1973 Uingereza ilitoka ripoti ya Sir James Lighthill, mtaalamu wa hesabu, aliyeombwa aangalie huu utafiti wa akili bandia una faida gani, akasema kwa kifupi hauna kubwa, njia za kutafuta zinaongezeka mno mashine zinazama, na fedha zikabanwa. Sasa kwenye mji ule ule uliopigwa na ile ripoti, mwanafunzi mmoja David Warren na wenzake wakaendelea kimya kimya, na 1977 wakatoa kompaila ya Prolog, yaani programu ya kuigeuza iwe lugha ya mashine, kwenye kompyuta ya DEC-10, yenye kasi ambayo watu hawakuamini kwamba mantiki inaweza kukimbia hivyo. Prolog nyingi mtakazokutana nazo leo uandishi wake ni ule wa Edinburgh. Ila na yenyewe ilikuja na kitu. Ukiiuliza swali ilijibu ndiyo au hapana. Umeona? "Sijui" imeshapotea njiani, na hakuna aliyefanya msiba.

Kwa nini ilipotea? Kwa sababu "sijui" ni ghali. Ukitaka mashine iseme sijui lazima ijaribu kuthibitisha kwamba ni kweli, ishindwe, halafu ijaribu kuthibitisha kwamba ni uongo, ishindwe tena. Ni bei rahisi kusema nimetafuta sijaona, kwahiyo hapana. Keith Clark wa London aliifanyia hesabu zake hiyo 1978, kukanusha kwa kushindwa kuthibitisha. Na msidhani ni upuuzi, kuna mahali inafanya kazi vizuri sana. Ukiangalia ratiba ya mabasi stendi ukakuta hakuna basi la Singida saa tisa, unasema sijui kama lipo? Unasema halipo, unaenda kunywa chai. Kwa sababu ratiba imekamilika. Shida inaanza pale orodha haijakamilika halafu anayeisoma anajifanya imekamilika. Mama yangu na risiti yake.

Haya, Tokyo. Hapa ndipo hadithi inanoga na ndipo ilipovunjikia.

Oktoba 1981 Wajapani waliita mkutano mkubwa wakatangaza kompyuta ya kizazi cha tano. Kizazi cha kwanza vali, cha pili transista, cha tatu na nne sakiti zinazidi kusongamana, na cha tano kitakuwa mashine inayofikiri, na lugha ya ndani kabisa ya hiyo mashine itakuwa ya mantiki. Sio lugha ya Marekani. Itoke kwenye ukoo wa Prolog, mtoto wa Marseille! 1982 ikafunguliwa taasisi inaitwa ICOT, ghorofa ya 21 ya jengo moja mtaa wa Mita, mkurugenzi Kazuhiro Fuchi, na Fuchi alitaka vijana watupu, akawachukua kwa mkopo kutoka Fujitsu, Hitachi, NEC, Toshiba na wengine, makampuni yanayopigana sokoni vijana wao wamekaa chumba kimoja. Mpango wa miaka kumi na zaidi ya yen bilioni 50. Na kipimo chao cha kasi hakikuwa hesabu kwa sekunde, kilikuwa mahitimisho ya kimantiki kwa sekunde. Mashine yao ya kwanza ya mtu mmoja ilifika makumi ya maelfu. Lengo lilikuwa mamilioni mia mpaka bilioni.

Dunia ilishtuka mnasikia? Marekani makampuni yakaungana Texas chini ya admirali mstaafu, Uingereza ile ile ya Lighthill ikatoa fedha 1983 kwa mpango wao wa utafiti wa kompyuta ulioitwa Alvey, Ulaya nayo ikatoa. Watafiti wa mantiki waliokuwa wanaombaomba ghafla wanapigiwa simu. Wengine walikuwa hawajui hata Fuchi anataka nini hasa ila kama Mjapani anakwenda huko basi na sisi twende.

Ikawaje? Kwanza kasi. Walijenga mashine maalum za mantiki, wakati huo huo kompyuta za kawaida za sokoni zinaongezeka kasi kila mwaka bila kumwomba mtu ruhusa, mpaka unamaliza kujenga mashine yako maalum ya kawaida imeshakupita kwa bei ya chini. Ni kama umeagiza baiskeli ya kutengenezewa kwa vipimo vyako, inafika mtaa mzima una bodaboda. Pili, na hili mimi ndio naona liliuma zaidi japo vitabu vingi vinalipita, walitaka prosesa mamia zifanye kazi pamoja, na ule utafutaji wa mgeni wa Kariakoo, wa kurudi njia panda, ni mgumu sana kuugawa kwa watu mia wanaokimbia kwa wakati mmoja. Kwahiyo wakaubana. Lugha yao ya sambamba ukishachagua uchochoro ndio umechagua, hakuna kurudi. Kasi wakapata, lengo la mamilioni mia wakalifikia mwishoni, lakini ule uchawi wa kuuliza swali kutoka upande wowote ukabaki Marseille. Juni 1992 wakaita mkutano wa mwisho wakaonyesha walichofanya, programu zao wakazitoa bure kwa yeyote anayetaka, na magazeti yakaandika imeshindwa.

Imeshindwa? Mimi siko upande huo na siko upande wa wanaosema ilifaulu. Nauliza tu, nani aliahidi nini? Fuchi aliahidi mashine za mahitimisho, akazijenga. Mashine itakayoongea na kutafsiri na kukupima badala ya daktari, hiyo ilikuwemo kwenye makaratasi ya mwanzo na waandishi wakaipigia ngoma, na ndiyo ikapimiwa.

Alafu kuna watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Huko Sweden, kampuni ya Ericsson, mwishoni mwa miaka ya 80, Joe Armstrong alikuwa anatafuta namna nzuri ya kuprogramu mitambo ya simu, akaanza kuchezea Prolog, akaongeza hiki akaongeza kile mpaka ikawa lugha mpya, Erlang, na Erlang ya kwanza kabisa iliandikwa kwa Prolog ndio baadaye wakaihamisha sababu ilikuwa nzito. Mpaka leo ukiiangalia ina zile nukta za mwisho wa sheria na zile herufi kubwa za masanduku. Na seva za WhatsApp zimeandikwa kwa nini? Erlang. 2014 Facebook inainunua ilikuwa na watumiaji kama milioni 450 na mainjinia 30 na kitu tu. Kwahiyo wewe uliyemtumia mwenzio meseji "huyu mzee anamaliza saa ngapi" dakika tano zilizopita, imepita mikononi mwa mjukuu wa Marseille.

La mwisho, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. London, Imperial College, Kowalski keshahamia huko, na mwenzake Marek Sergot na wengine wanachukua sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981, ile iliyoanza kutumika 1 Januari 1983, wanaiandika kwa Prolog, kifungu kwa kifungu. Walichapisha 1986. Hiyo sheria sio ya mbali na sisi, waulizeni familia za Wahindi wa Kenya na Uganda waliokuwa na pasi za Uingereza, wanaijua kwa machungu kila neno lake.

Kifungu cha kwanza kinaingia kama kimeandikwa na Colmerauer mwenyewe. Mtu ni raia kama kazaliwa Uingereza, baada ya sheria kuanza, na wakati anazaliwa baba au mama ni raia au ni mkazi wa kudumu. Kama, na, au. Safi kabisa. Na programu unaiuliza huyu ni raia, ikikosa habari inakuuliza wewe, ukiiuliza kwa nini unaniuliza hivyo inakuambia sababu, na ikitoa jibu inakuonyesha kifungu gani kimeleta jibu. Dirisha gani la ofisi linafanya hivyo?

Kifungu kidogo cha pili, ndani ya hicho hicho cha kwanza, kikawakamata. Mtoto mchanga aliyeokotwa. Hana jina, hana cheti, mzazi hajulikani. Sheria inasema, isipokuwa ikionyeshwa vinginevyo, atahesabiwa kazaliwa humu humu Uingereza na mzazi wake atahesabiwa ni raia au mkazi. Mmeona walivyoandika wale wanasheria? Kichanga hakithibitishi chochote. Prolog ya kawaida ikiulizwa, mzazi wake ni raia? Inatafuta, haioni, inasema hapana. Sheria inasema kinyume, anayetaka kumkatalia ndiye atafute, na akishindwa kuonyesha, mtoto ni wetu. Kutojua ni kule kule, ila sheria imechagua kutojua kumwangukie nani. Wale watafiti ikabidi waandike kwa mkono wao kabisa, kama haionyeshwi vinginevyo basi hesabu ndiyo, halafu yakaja maswali ambayo kompyuta haina, je mwaka kesho ikionyeshwa? Uraia wake unafutika tangu lini?

Mimi niliposoma hiyo nikiwa chuo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Maana nilidhani mantiki ni mambo ya X na Y, kumbe kila mfumo umeshaamua, mahali fulani ndani yake, asiyeonekana ahesabiwe nani. Yupo mtu aliandika huo mstari. Dirishani kwa mama yangu pia kuna mtu aliuandika, pengine hata hakujua kwamba anachagua.

Na hizi akili bandia za leo mnazoongea nazo kwenye simu? Naona mnacheka, mlijua nitafika. Zinaongea Kifaransa ambacho Colmerauer angelia machozi, yeye alifariki 2017 hakuziona zikifika huku. Lakini jana usiku nilichukua moja nikaibadilishia majina na mji, nikaiuliza lile swali la tatu, yule daktari ni mgonjwa? Ikanipa aya tatu nzuri, na katikati ikasema kuna uwezekano kutokana na mazingira ya kazi yake. Mazingira gani? Nani kataja mazingira?

Haya, saa imekwenda na wapishi wananipungia mkono pale mlangoni, pilau iko tayari. Kabla ya kula kaeni wawili wawili. Wenye laptopu wafungue SWI-Prolog, ni ya bure, ilianzia Amsterdam 1987 na inatunzwa mpaka leo, nimeiweka kwenye flashi tatu zinazunguka. Andikeni ukoo wenu wenyewe, majina ya kweli, babu mpaka nyie. Anzeni na mjomba, halafu shangazi, halafu baba mdogo. Ikikuambia baba yako ni baba yako mdogo, usiniite, unajua cha kufanya. Ikikuambia false, yaani hapana, kuhusu mtu unayemjua kabisa yupo, hapo niite. Soketi nyingine ziko nyuma ya pazia.